VM Yako Ina Mlango Wazi, na Ni Mimi Niliwafunza Kuufungua

Wasee, leo sina utani mwingi. Wiki tatu zimepita tangu komredi mmoja wa mwaka wa nne anitumie meseji saa nane usiku. Hakuanza na salamu. Aliandika tu: "Bro, si ulisema VM ni kama sanduku? Ulisema kitu ikiingia huko haitoki." Halafu akatuma picha ya folda yake. Kila faili ilikuwa imeongezewa mkia wa herufi ambazo hakuna mtu anazijua, na katikati kulikuwa na faili moja ya maandishi ikimwambia alipe kwa Bitcoin kama anataka kazi yake irudi.

Kazi yenyewe ilikuwa projekti ya mwaka wa mwisho. Kodi, data ya utafiti, ripoti, kila kitu. Alikuwa amebakisha siku kumi na mbili asimame mbele ya paneli.

Na huyu jamaa anatumia Linux. Si wale wa kudaunilodi Windows iliyovunjwa. Ni mtu wetu kabisa.

Nilifungua ile video yangu ya mwaka jana nikaitazama vile mtu hutazama picha zake za form two. Dakika ya saba, nikiwa na tabasamu kubwa, nasema: hapa kwa folda ya pamoja chagua Home yako yote, usiweke alama ya «Read-only», washa «Auto-mount», ili usisumbuke.

Ili usisumbuke! Manze, hayo maneno yamenikaa kwa koo kama mfupa wa omena.

Wacha nieleze kilichotokea, kwa sababu wengi mlinitumia "pole kwa huyo msee, virusi vimekuwa vikali siku hizi." Hapana. Virusi havikuwa vikali. Havikuvunja ukuta wowote.

Jamaa alikuwa amepata kazi ya mtandaoni, ile ya kusikiliza sauti na kuandika. Mteja akamtumia faili ya zip na kumwambia ndani kuna programu ya kampuni, inafanya kazi kwa Windows pekee. Komredi wetu si mjinga. Alishuku. Akasema, sitaifungua kwa laptopu yangu, nitaifungulia ndani ya VirtualBox. Hadi hapo amefikiria vizuri kuliko asilimia kubwa ya sisi. Ndani ya VM kulikuwa na Windows, na ndani ya hiyo Windows kulikuwa na Home yake nzima ya Linux, imechomekwa kama diski ya mtandao, ikiwa na ruhusa ya kuandika. Programu ikaamka, ikatafuta kila diski inayoonekana, ikaipata ile, ikaanza kufunga faili moja baada ya nyingine. Kwa macho ya hiyo ransomwea hakukuwa na Linux wala VM. Kulikuwa na diski Z tu.

Sasa sikiza sehemu inayouma. Alikuwa na snapshoti. Alifuata video yangu mpaka hapo pia, alipiga snapshoti kabla ya kufungua zip. Akairudisha. Windows ikarudi safi kabisa, ikang'aa kama haijawahi kuguswa. Lakini snapshoti hurudisha diski ya mgeni, yaani ile kompyuta ya ndani. Folda ya pamoja haiko kwa diski ya mgeni. Iko kwa mwenyeji, kwa laptopu yenyewe. Kwa hivyo aliketi hapo akiangalia Windows nzima iliyopona, na kazi yake ya miaka minne imefungwa.

Mgeni na mwenyeji. Shikeni hayo maneno mawili kwa sababu ndiyo somo lote. Laptopu yako ndiyo mwenyeji. VM ni mgeni. Na sisi tunajua mgeni anavyofanyiwa nyumbani: anaketi sebuleni, analetewa chai. Hakuna mtu humpatia mgeni asiyemjua funguo ya chumba cha kulala cha mama eti ndio asisumbuke kubisha. Lakini kila video ya "Jinsi ya Kuseti VM", yangu ikiwa mbele, hufanya hivyo ndani ya dakika kumi.

Ukutani kwenyewe hakuna shida kubwa. KVM imekuwa ndani ya keneli ya Linux tangu 2007, na inategemewa na kampuni zinazokodisha seva duniani kote. Prosesa yako, iwe ina VT-x ya Intel ama AMD-V, imetengenezwa kutenganisha hizo kompyuta mbili. Wale watu wa komenti hupenda kuniuliza, "Kwani virusi haviwezi kuruka kutoka VM?" Vinaweza, mara chache, na huwa ni habari kubwa. Mwaka wa 2015 kulitangazwa tundu liitwalo VENOM kwa QEMU. Unajua lilikuwa wapi? Kwa kodi ya kuigiza floppy. Floppy! Kile kitu wengi wenu mnakijua tu kama picha ya kitufe cha kuhifadhi. Kodi hiyo ilikuwa imekaa na kosa hilo tangu 2004, na kwa baadhi ya mipangilio hata ukizima floppy bado kosa lilibaki linafikika. VirtualBox pia iliguswa, kwa sababu ilikuwa imerithi kodi hiyo. Dawa ikatoka haraka, wenye kusasisha wakapona. Kwa hivyo ndiyo, sasisha QEMU yako, sasisha VirtualBox yako, sasisha keneli. Lakini usinidanganye ati mteja wa kazi za mtandaoni atakuja kukupiga na kitu kama hicho wakati wewe mwenyewe umeacha dirisha wazi na pazia limefungwa kando.

Dirisha la pili ni klipubodi. Hii inaniudhi zaidi kwa sababu haionekani. Kuna mahali pa kuchagua «Bidirectional», na sote tunachagua hapo. Inamaanisha kila unachokopi kwa laptopu kinafika pia ndani ya VM. Fikiria siku yako ya kawaida. Unakopi paswadi ya barua pepe kutoka kwa programu ya kutunza nywila. Unakopi namba ya kitambulisho ujaze fomu. Unakopi anwani ya pochi yako ya kripto ndio mteja akulipe. Windows yako chafu iko nyuma pale, haina kelele, inasoma yote. Na kwa kuwa barabara ni ya pande mbili, programu mbaya ndani ya VM inaweza kubadilisha ulichokopi. Kuna aina nzima ya virusi ambavyo kazi yao ni hiyo tu: kuona anwani ya kripto kwa klipubodi na kuweka ya mwizi mahali pake. Utapeisti, utume, useme "imeenda". Imeenda kweli.

Najua kuna mtu sahii anaandika, "Mimi natumia Linux, hizo stori za virusi ni za Windows." Buda, hebu ketini.

Februari 2016 tovuti ya Linux Mint ilidukuliwa, na watu waliodaunilodi toleo la 17.3 la Cinnamon siku ya tarehe 20 walipata ISO iliyowekwa mlango wa siri. Machi 2024 ikawa ni xz, programu ndogo ya kubana faili ambayo iko karibu kila Linux. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na mlango wa siri uliopandwa na mtu aliyejifanya msaidizi mwema kwa miaka. Aliyeushika ni Andres Freund, mhandisi aliyeona tu kwamba kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu ya sekunde, akakataa kunyamaza. Nusu ya sekunde! Mimi intaneti ya hosteli ikichelewa dakika mbili nasema ni kawaida. Na moja kati ya Linux zilizopokea hizo xz mbovu kwa siku chache ilikuwa Kali, ile ile mnayoipenda kwa sababu ya lile joka.

Tukifika kwa Kali, hapo nina kesi na nusu ya makomredi wa Nairobi. Mnadaunilodi VM ya Kali iliyotengenezwa tayari. Safi. Jina la kuingia ni kali, paswadi ni kali. Imeandikwa kwa tovuti yao, dunia nzima inajua, na wao wenyewe wanatarajia uibadilishe. Hubadilishi. Halafu unawasha SSH kwa sababu uliona kwa video. Halafu mtandao unauweka «Bridged» kwa sababu jamaa fulani mwenye kofia ya hudi na herufi za kijani nyuma yake alisema NAT ni ya watoto. Sasa VM yako imesimama kwa Wi-Fi ya hosteli kama kompyuta kamili, inaonekana na kila mtu kutoka ghorofa ya kwanza hadi ya tano, mlango una funguo ambayo iko kwa kila mfuko.

Kuna wale wameenda mbele zaidi: wanaweka Metasploitable kwa «Bridged». Hiyo ni VM iliyotengenezwa makusudi ikiwa na mashimo kila mahali ili watu wajifunze kudukua. Waliotengeneza wanaonya usiiweke kamwe kwa mtandao usiouamini. Wewe umeiweka kwa Wi-Fi ambayo paswadi yake imebandikwa kwa ukuta wa jikoni. Mtu akiingia humo akaanza kupigapiga seva za watu, vurugu hizo zinatoka kwa laptopu yako. Kenya tuna sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, na kuingia kwa mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa la jinai. Enda ujaribu kumweleza afisa tofauti ya mgeni na mwenyeji.

Uongo mwingine ambao nimeurudia kwa mdomo wangu ni kwamba VM inakuficha. Inakuficha kwa nani? Kwa NAT ya kawaida, VM inatoka kwa intaneti kupitia laptopu yako, rauta yako, na anwani ile ile ya IP. Tovuti inakuona ukitoka mlango ule ule. Kampuni inayokuuzia intaneti inaona ule ule. Ukitumia kebo na modi ya «Bridged», hata VM yenyewe inajitangaza: namba za MAC za VirtualBox kwa kawaida huanza na 08:00:27, na za QEMU 52:54:00, kwa hivyo mwenye mtandao anajua kwamba kuna mtu anacheza na VM. Halafu unafungua brauza ndani ya hiyo VM, unaingia kwa akaunti yako ya Google yenye jina lako la ubatizo na picha ya graduesheni ya dada yako. Umefichika wapi sasa? Umebadilisha shati tu, sura ni ile ile.

Kama unahitaji kweli kujificha, na kuna watu wanahitaji, si mchezo, wako wanahabari, wako wasichana wanaokimbia watu wabaya, basi kuna vifaa vilivyotengenezwa kwa hiyo kazi. Whonix hutumia VM mbili: moja ni lango linalopitisha kila kitu kwa Tor, ya pili ndiyo unafanyia kazi na haina njia nyingine ya kutoka. Qubes OS hutenganisha maisha yako yote kwa VM tofauti, lakini inapendekeza RAM ya 16 GB, na wengi wetu tuko na ThinkPad ya ex-UK yenye 8, nikiwa mmoja wao, kwa hivyo hiyo tuiache kwa ndoto. Tails huwashwa kutoka kwa flashi, na ukiiwasha ndani ya VM inakuonya yenyewe kwamba mwenyeji anaweza kuona unachofanya.

Hilo onyo la Tails ningelichapisha kwa tisheti. Mwenyeji huona mgeni. Kila wakati. Laptopu yako ikiwa imeoza, VM haiwezi kuwa safi. Kama bado unatumia X11, programu yoyote unayoiendesha kwa laptopu inaweza kusoma vitufe unavyobonyeza kwa dirisha lingine, pamoja na dirisha la VM. Ndiyo maana huwa nacheka, kwa uchungu, nikiona mtu anafungulia VM kwa kompyuta ya cyber ama ya ofisini kwa anko wake ndio "asionekane". Mwenye ile kompyuta anaweza kuikopi VM yako nzima kwa flashi. Ni faili tu, wasee. Inaishia na .vdi ama .qcow2. Paswadi ya Windows uliyoweka ndani haimzuii. Anaichomeka kwa mashine yake na kusoma diski.

Na hapa Nairobi hatuhitaji hata stori za wadukuzi. Laptopu inaibwa kwa mathree ukisinzia kati ya Githurai na tao. Kama hukuweka usimbaji wa diski nzima wakati wa kuinstoli, ile LUKS ambayo wengi huiruka ndio laptopu iwake haraka, mwizi ana kila kitu. Ukisema "lakini nilifuta historia ndani ya VM", nitakuuliza: na zile snapshoti nne ulizopiga kabla ya kufuta? Historia iko humo. Na ulipofunga VM kwa kuhifadhi hali yake badala ya kuizima, kumbukumbu yote ya RAM iliandikwa kwa diski, na paswadi zilizokuwa wazi wakati huo pia. Hata VM ikiwa inaendelea, Linux inaweza kusukuma sehemu ya RAM yake kwa swap. Bila usimbaji, hayo yote yamelala hapo yakisubiri msomaji.

Kitu kimoja kidogo ambacho karibu hakuna mwalimu wa YouTube hutaja: ile amri ya kujiongeza kwa kundi la libvirt ndio virt-manager isikuulize paswadi. Ukishaingia kundi hilo, programu yoyote inayoendeshwa kwa jina lako inaweza kuchomeka diski ya laptopu ndani ya VM mpya na kuisoma kama mwenye nyumba. Umejipatia uwezo wa root bila kujua. Tena, ndio usisumbuke.

Wengine mtasema nawatisha, kwamba nawarudisha watu Windows ama nawaambia waache VM. Sijasema hivyo. VM yangu inaendelea sahii nikiandika hii. Lakini nimeibadilisha. Klipubodi imezimwa pande zote, na nikihitaji kupeisti kitu naiwasha upande mmoja, nikimaliza naizima. Folda ya pamoja ni moja, nimeiita "sahani", iko na «Read-only», na ndani yake naweka faili ninayotaka mgeni aione, basi. Kitu nisichokiamini nakifungulia kwa VM ambayo nimeichomoa mtandao kabisa, haina folda ya pamoja hata hiyo moja. Faili ya kutoka napitisha mwenyewe, nikijua ni gani. Na bakapu iko kwa diski ya nje ambayo nikimaliza naichomoa, kwa sababu diski iliyochomekwa siku nzima si bakapu, ni chakula cha pili cha ransomwea.

Inasumbua? Ndiyo. Inaniongezea kama dakika mbili kwa siku.

Hasira yangu haiko kwa komredi. Iko kwa sisi tunaofundisha. Tunajua video ikiwa na hatua nyingi mtu anaondoka dakika ya tatu, kwa hivyo tunakata hatua. Na hatua tunazokata kila mara ni zile za usalama, kwa sababu hizo hazina kitu cha kuonyesha kwa skrini. Hakuna mtu hupiga laiki kwa kisanduku cha «Read-only». Tunaweka neno "salama" kwa kichwa cha video, tunaondoa usalama ndani, na tunachukua pesa ya matangazo. Mimi nimelipwa kwa ile video. Si nyingi, lakini nimelipwa, na jamaa aliyenifuata neno kwa neno ndiye alipoteza.

Kama una chaneli na umefunza watu kuseti VM, rudi uiangalie. Tafuta dakika uliyosema "washa tu zote". Usiniambie watu wazima wanajisomea. Mtu wa mwaka wa kwanza aliyenunua laptopu kwa HELB anaamini sauti yako kuliko kitabu cha maelezo cha VirtualBox, na wewe unajua, ndiyo maana unamwita "familia".

Kuhusu komredi: hakulipa, na nilimwambia asilipe. Supavaiza wake alikuwa na nakala ya sura tatu za kwanza kwa barua pepe, na kodi ya zamani ilipatikana kwa flashi ya deskimeti wake, imepitwa na miezi miwili. Tulikaa simu usiku tisa mfululizo tukiandika upya. Data ya utafiti haikurudi. Alilazimika kurudi kwa watu aliowahoji, mmoja mmoja, na baadhi hawakushika simu. Paneli ilimpa wiki moja ya nyongeza.

Ile video sijaifuta, kwa sababu kuna watu tayari wameifuata na wanahitaji kupata njia ya kurudi. Nimebandika komenti juu kabisa inayosema dakika ya saba ni makosa na nini cha kuzima. Mpya nitaipakia Ijumaa. Itakuwa ndefu, na dakika nne za kwanza ni mimi nikizima vitu.